Maji ya Oktoba: Mpunga wa Usangu na Mto Unaokauka

Novemba mwaka jana darasa letu lilikwenda ziara ya mafunzo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mvua zilikuwa bado. Tulishuka kwenye basi karibu na Msembe, simu mkononi, tukitarajia kupiga picha za mto. Tukakuta mchanga. Ruaha Mkuu, ule tuliouchora kwenye ramani shule ya msingi kwa kalamu ya bluu, ulikuwa umegeuka barabara pana ya mchanga yenye nyayo za tembo. Mbele kidogo lilibaki dimbwi moja lenye rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake viboko wamebanana kama abiria wa daladala jioni.

Mwongozaji wetu alieleza kwamba hali hiyo si ya mwaka mmoja. Mto ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka, wiki kadhaa au miezi kadhaa. Mtu akauliza sababu. Akajibu kwa mkato: "Wakulima wa mpunga huko juu, Mbarali."

Basi zima likanigeukia. Wote wanajua kwetu ni Mbarali, kwa sababu gunia la mchele ninalokuja nalo kila muhula huliwa na chumba chote hosteli. Jamaa mmoja akasema, "Kumbe wewe ndo umeunywa mto!" Tukacheka, na mimi nikacheka. Lakini usiku ule lile neno lilikaa kichwani. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa mpunga wa baba mdogo, na hata sasa bumu likichelewa, yeye ndiye anayepiga simu kuuliza kama nimekula. Kwa hiyo swali lilikuwa langu kabisa: je, elimu yangu imekausha mto?

Niliporudi chuoni nilianza kusoma ripoti za watafiti waliofanya kazi Usangu, na likizo iliyofuata nikaenda kutembea kwenye mifereji ya kijijini kwetu nikiwa na macho mengine. Haya ni maelezo ya nilichokielewa. Ukweli ni kwamba mwongozaji alikuwa sahihi kiasi, ila alituachia nusu ya jibu. Na nusu aliyoiacha ndiyo yenye dawa.

KILIMO KINAVYOIFIKIA ARDHIOEVU

Kilimo kinaweza kuiumiza ardhioevu ya mto kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuikalia. Shamba linaingia ndani ya kinamasi chenyewe: matete yanafyekwa, mifereji ya kutoa maji inachimbwa, mahindi au mpunga unapandwa palepale. Mfano uliopo karibu na sisi tunaosoma Morogoro ni Bonde la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kule sheshe, yule swala wa nyika zenye maji, amepoteza malisho yake kipande kwa kipande kadiri mashamba na mifugo inavyosogea. Nyanda za juu za Iringa na Njombe nako kuna vinyungu, bustani za mabondeni ambazo watu wamezilima kiangazi tangu zamani ili wapate mahindi mabichi na mboga wakati vilimani kumekauka. Kinyungu kimoja hakina shida kubwa. Shida huanza bonde zima linapogeuka vinyungu hadi kwenye chemchemi.

Njia ya pili ni kuinyima ardhioevu maji. Shamba linaweza kuwa kilomita nyingi kutoka kwenye kinamasi, halijagusa tete hata moja, lakini limekaa juu ya mto unaokilisha kinamasi hicho. Njia hii ni ngumu kuiona kwa macho. Ukisimama kwenye jaruba la mpunga Mbarali huoni kinamasi kinachokufa, na ukisimama kwenye kinamasi huoni aliyefungulia maji. Hadithi ya Usangu kwa sehemu kubwa ni hii ya pili.

(Ipo pia athari ya mbolea na dawa za magugu na wadudu, ambazo hurudi mtoni pamoja na maji ya kwenye mifereji ya kutolea. Hiyo inastahili makala yake. Hapa nabaki kwenye wingi wa maji.)

BESENI LENYE TUNDU JUU

Ili uelewe Usangu, anza na umbo la nchi. Kusini na magharibi kuna milima, Kipengere na Uporoto, inayopata mvua nyingi. Chini yake kuna tambarare kavu. Mito inashuka kutoka milimani: Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha Mkuu wenyewe, na Ndembera unaotokea upande wa Mufindi. Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, unavuka mito hii mmoja baada ya mwingine mahali inapoiacha milima. Na kwenye mteremko huohuo ndipo mabanio ya umwagiliaji yalipojengwa, kwa sababu hapo maji yanaweza kuingia mferejini yenyewe bila pampu.

Maji yanayopita mabanio yanaelekea katikati ya tambarare, na mwisho yanakusanyika katika kinamasi kinachoitwa Ihefu. Kiangazi Ihefu ni matete, mafunjo na maji yaliyotulia, yenye samaki na ndege wengi. Masika inafurika na kutanuka mara nyingi zaidi ya ukubwa wake wa kiangazi.

Sasa sikiliza hapa, maana kila kitu kinategemea jambo hili. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, mahali panapoitwa Ng'iriama. Mlango huo ni kizingiti cha mwamba. Maji hayatoki Ihefu kuingia hifadhini mpaka kina chake kiwe juu ya mwamba ule. Yakishuka chini ya mwamba hata kidogo tu, mto nyuma yake unakatika, ingawa Ihefu yenyewe bado imejaa maji unayoweza kuyaona.

Fikiria beseni la kufulia lenye tundu karibu na ukingo wa juu. Unalijaza kwa bomba huku jua likilikausha. Maji yatatoka kwenye tundu pale tu bomba linapoleta zaidi ya yale yanayokaushwa. Ukipunguza bomba kidogo, tundu halitapungua kidogo. Litakauka kabisa.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipiga hesabu ya beseni hili katika ripoti iliyotoka mwaka 2006. Walikadiria kwamba ili mto ndani ya hifadhi ubaki na uhai wa kawaida kiangazi, unahitaji angalau mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani lita 600. Lakini ili lita 600 zitoke Ng'iriama, Ihefu inahitaji kuingiziwa kwa wastani mita za ujazo 7 kwa sekunde, takriban mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo.

Nilipoziona namba hizi mara ya kwanza nilidhani kuna kosa la uchapaji. Saba ziingie, itoke nusu na ushee? Nikachukua kikokotoo. Tofauti ni mita za ujazo 6.4 kwa sekunde, ambazo kwa siku nzima ni karibu mita za ujazo 553,000. Ukizitandaza juu ya kinamasi chenye kilomita za mraba 100, unapata kina cha milimita 5 na nusu hivi. Milimita 5 na nusu kwa siku! Jua na upepo wa Usangu mwezi Oktoba, ukijumlisha na matete yanayonyonya, yanamaliza kiasi hicho bila shida. Kwa hiyo Ihefu si ghala linalotunza kila tone. Ni mlaji pia, na inakula kwanza ndipo igawie. Wanyama wa hifadhini wanaishi kwa masalia yake.

Ripoti ileile ilionyesha kilichotokea: kati ya mwaka 1958 na 2004, maji yanayoingia Ihefu kiangazi yalipungua kwa karibu asilimia 70, hasa kwa sababu ya kuchepushwa kwa ajili ya umwagiliaji. Eneo la kinamasi kiangazi lilishuka kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93.

KWA NINI OKTOBA?

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi, kesi imekwisha, mpunga ndiyo mkosaji. Hekta zimeongezeka kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Usangu ilikuwa na kama hekta 10,000 za mpunga wa kumwagilia. Yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali kwa msaada wa China, kisha Kapunga, na skimu ya Madibira, na kuzunguka yote hayo wakulima wadogo kutoka kila kona ya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwaka wenye mvua nzuri ulifikisha hekta 40,000 na zaidi.

Lakini mpunga wa Usangu ni zao la masika. Unakua kuanzia Desemba mpaka Mei, wakati mito imejaa na Ihefu inafurika. Wakati huo kizingiti cha Ng'iriama kimezama na maji ya kutosha yanapita kwenda Mtera. Mto unakatika kati ya Septemba na Desemba, wakati kwenye majaruba mengi hakuna mpunga, kuna mabua na ng'ombe wanaochunga mabua. Sasa kama mpunga haupo shambani, maji ya mtoni yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali nililolibeba kwenda nyumbani likizo.

Nilimkuta baba mdogo amekaa chini ya mwembe anashona magunia. Baada ya shikamoo na habari za chuo, nikamwomba twende kwenye banio. Tulitembea kufuata mfereji mkuu. Ilikuwa kiangazi, na mfereji ulikuwa na maji. Nikawa nahesabu kimoyomoyo yanakoishia. Kundi la vijana wanafyatua matofali. Bustani za nyanya na vitunguu. Kina mama na ndoo, wengine wanafua. Ng'ombe. Majaruba matano matano ambayo wenyewe wameshaanza kuyalowesha ili wawahi kitalu. Halafu, kipande kirefu kabisa, maji yaliyokuwa yanatiririka tu na kutandaa kwenye mashamba matupu, yanakauka juani bila kumfaa mtu yeyote. Nikauliza mbona hawafungi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza mbona jua linachomoza. "Tufunge, watu wakanywe wapi?"

Kwa hiyo jibu lina vipande vitatu.

Kwanza, mfereji umekuwa bomba la kijiji. Vijiji vingi vilikua kando ya mifereji, na wengi hawana kisima kinachoaminika. Ili ndoo chache zifike mwisho wa mfereji wa udongo wenye kilomita kadhaa, lazima umwage maji mengi sana mwanzoni, kwa sababu yanazama na kuvuja njiani. Mtu anahitaji ndoo, banio linachukua mto.

Pili, kuna bei. Mpunga unaovunwa mapema unauzwa vizuri kabla soko halijafurika. Anayeotesha kitalu Oktoba na kupandikiza mapema anapata fedha nzuri, na jirani akimwona, naye anafungulia. Wengine wako mwisho wa mfereji, maji huwafikia kwa kuchelewa, nao hupanda Februari. Matokeo yake msimu unatanuka mbele na nyuma, na mfereji haupumziki karibu mwaka mzima.

Tatu, na hili lilinishangaza kuliko yote, ni banio lenyewe. Baba mdogo anakumbuka banio la zamani: miti, mawe na majani yaliyopangwa kuvuka mto. Kila masika mafuriko yalilibomoa, na watu walikusanyika kulijenga upya. Kiangazi lilivuja vibaya. Wakulima wakalilalamikia, na wakajengewa la zege lenye lango la chuma. Kila mtu alifurahi, na haki yao, maana kazi ile ya kila mwaka ilikuwa mateso. Ila lile banio bovu lilikuwa linauachia mto maji bila mtu kukusudia. Yaliyovuja ndiyo yaliyokwenda Ihefu. Banio la zege halivuji.

Chukua mfano wa kubuni ili uone ubaya wake. Tuseme lango linaweza kupitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde. Mwezi Machi mto una mita 40, kwa hiyo lango likiwa wazi linachukua sehemu moja ya ishirini, na hakuna mtu hata wa chini anayeona tofauti. Mwezi Oktoba mto una mita 2. Lango lilelile, likiwa wazi kwa kiasi kilekile, linachukua mto wote. Hakuna aliyeongeza shamba wala aliyevunja kufuli. Kibali kinachotaja kiasi kimoja cha maji bila kutofautisha majira kinaruhusu jambo hilohilo. Sasa zidisha kwa mabanio yote ya mito yote inayoshuka milimani.

Ndiyo maana nasema tatizo la Ihefu linakaa zaidi kwenye kalenda kuliko kwenye hekta. Mpunga wa Machi hauuki mto. Maji ya Oktoba, ambayo mengi hayazalishi hata punje moja, ndiyo yanayoushusha usawa wa maji chini ya mwamba wa Ng'iriama.

LAWAMA ZILIZOKOSA SHABAHA

Kuikosea sababu kumegharimu watu. Miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, nchi iliingia kwenye mgao mkali wa umeme, kwa kuwa Bwawa la Mtera lilikuwa chini na Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, inategemea maji hayohayo. Kidole kikaelekezwa Usangu. Lakini Mtera inajazwa zaidi na mafuriko ya masika, na inapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi ya Ng'iriama, hata enzi zake nzuri, ni kidogo mno kwa bwawa lile, na watafiti walilionyesha hilo kwa vipimo. Kwa kiboko, lita 600 kwa sekunde ni uhai. Kwa mtambo wa Kidatu ni kama kutia kijiko kwenye pipa.

Wafugaji nao walibebeshwa mzigo. Mwaka 2006 walianza kuondolewa Usangu na mifugo yao, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu pamoja na Ihefu vikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ng'ombe wengi ndani ya kinamasi wanakiumiza kweli: wanakanyaga, wanamaliza nyasi, na wenye mifugo huchoma moto. Lakini baada ya ng'ombe kuondoka mto uliendelea kukatika. Ukilinda beseni bila kuligusa bomba, tundu litabaki kavu. Familia zilipoteza makazi na mifugo, na viboko hawakupata maji.

Naandika haya kwa tahadhari, kwa sababu najua zamu inayofuata inaweza kuwa ya wakulima. Kila kiangazi kibaya kinapofika, sauti za kuwaondoa watu Mbarali hurudi. Mimi si mtu wa pembeni katika jambo hili. Nyumba ya baba mdogo ipo huko.

KINACHOWEZEKANA

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na inatambua jumuiya za watumia maji. Kwa masomo niliyoyapata mferejini, naona mambo manne ya kuweka nguvu.

La kwanza ni visima. Linaonekana halihusiani na kiboko, lakini ndilo ufunguo wa mengine yote. Hakuna kiongozi wa jumuiya ya maji atakayethubutu kufunga lango Agosti wakati mama mkwe wake anachota mferejini. Kijiji chenye kisima kinachofanya kazi, chenye mtu wa kukitengeneza kikiharibika, kinaweza kufunga banio kiangazi. Kisicho nacho hakiwezi, hata ukileta askari.

La pili ni kalenda moja. Skimu ikubaliane tarehe ya kufungulia na tarehe ya kufunga, na vitalu vioteshwe pamoja sehemu moja ndogo karibu na banio badala ya kila mtu kulowesha jaruba lake kivyake. Hapa anayewahi soko atapoteza kidogo, tusifiche. Lakini wa mwisho wa mfereji atafaidika, maana maji yatamfikia kwa wakati.

La tatu ni mabanio yanayojua majira. Lango lipimwe ili masika lichukue mpaka kiwango fulani na lisizidi, na kiangazi ligawe mto kwa mafungu, fungu la mfereji na fungu la mto, hata mto ukiwa mdogo kiasi gani. Fundi anaweza kuujenga mgao huo ndani ya zege lenyewe, ili usitegemee nani ameshika ufunguo usiku.

La nne ni kilimo shadidi cha mpunga, ambacho wenzetu wa kilimo wamekifanyia majaribio hapa Morogoro katika skimu ya Mkindo. Unapandikiza miche michanga ya siku 8 hadi 12, mche mmoja kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na badala ya kulizamisha jaruba muda wote unalilowesha, unaliacha likauke kidogo, unalilowesha tena. Maji yanapungua na mavuno yanaweza kupanda, ingawa palizi inakuwa kazi kweli, kwa sababu maji yaliyotuama ndiyo yaliyokuwa yanazuia magugu.

Ila kuna mtego hapa, na nadhani sisi wasomi ndio tunaouingia haraka kuliko wakulima. Tunasema mkulima akiokoa maji, mto umepona. Siyo lazima. Mkulima akiokoa maji ya eka moja, kitu cha akili kwake ni kulima eka ya pili. Mfereji ukisakafiwa usivuje, maji yatafika mbali zaidi, na huko mbali kuna ardhi inayosubiri. Yaliyookolewa yanarudi mtoni pale tu makubaliano yanaposema yarudi na kuna mtu anayepima. Bila hivyo tutakuwa tumerudia kosa la banio la zege kwa jina jipya.

NILIVYOMJIBU JAMAA

Yule jamaa wa kwenye basi nilimjibu baadaye, tukiwa tunakula wali maharage kantini. Nilimwambia ndiyo, kwetu tumeunywa mto, lakini siyo kwa wali huu. Tumeunywa kwa lango ambalo halikufungwa wakati hakuna cha kumwagilia. Akaniuliza, "Sasa nani afunge?" Nilitaka kujibu serikali. Nikakumbuka baba mdogo na swali lake la maji ya kunywa, nikanyamaza.

Siku ile pale kwenye banio, kabla hatujarudi nyumbani, nilimweleza baba mdogo habari za mwamba wa Ng'iriama. Ameishi Usangu zaidi ya miaka 30 lakini hakuwahi kufika huko. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza unene wa maji yanayotakiwa juu ya mwamba. Nikamwonyesha kwa mikono. Akatazama mfereji, akatazama lango, akasema, "Hayo hata sisi tunaweza kuyatoa. Lakini uwaambie na wa Chimala na wa Kimani, tusije tukafunga peke yetu, wenzetu wakafungulia." Hilo ndilo jambo la haki kuliko yote niliyoyasoma maktaba, na ndiyo maana jumuiya za mto mmoja mmoja hazitoshi. Ihefu inalishwa na mito yote.

Mkutano wa jumuiya yetu ya watumia maji ni Julai, sisi tukiwa likizo. Baba mdogo ameniombea nafasi ya kusema dakika kumi. Nitakwenda na beseni la kufulia, limetobolewa juu, na jagi la maji. Wanaosoma uhandisi wa umwagiliaji, kama kuna anayeweza kunisaidia kupima lango la banio kabla ya siku hiyo, chumba changu mnakijua. Mchele upo.